Anakula Lakini Anakonda

Walikale, tarehe 11 Februari 2022

Mudogo wangu Verdiane,

Nakusalimia wewe, na Kabera bwana wako, na watoto wote. Sisi huku tuko wazima kwa neema ya Mungu. Fifi wetu alilala na malaria wiki nzima, lakini jana alirudi ku masomo, na kabla ya saa sita alikuwa amekwisha kugombana na wenzake, njo nikajua amepona. Séraphin bwana wangu anakusalimia. Mvua inatupiga kila siku, anasema iko siku matope ya hapa yatamumeza pamoja na viatu.

Ninaandika kwa sababu nikikupigia simu hautikii. Sijui kama ni reseau ya Nyabiondo ao ni roho yako. Basi barua hii itakuja na Guy, yule mutoto wa baba mukubwa, ku pikipiki yake, na ukitaka kujibu umupatie yeye.

Ni huyo Guy mwenyewe aliyeniambia habari iliyonikalisha chini. Alipita kwako wiki iliyopita. Akasema, "Yaya, paka ya mama imebaki mifupa. Ukimupapasa mugongo unahesabu."

Verdiane, mama alipokufa sikuomba kipande cha shamba. Sikuomba hata kitenge kimoja. Niliomba kitu kimoja tu: umutunze Masere. Unajua mama alivyomupenda. Ni yeye aliyemupa jina hilo la watawa, kwa ajili ya manyoya yake meusi na ule weupe wa shingoni, na alikuwa anacheka peke yake kila alipomuita. Paka yule amelinda maharagi ya nyumba ile miaka kumi na mitatu. Sasa amezeeka, na ninyi mumeona muzee hana haja ya kula?

Njaa haifichiki, Verdiane. Hata ku mwili wa paka inaonekana.

Nimetuma makayabo, samaki ya chumvi. Ni ya paka. Si ya sufuria yenu.

Dada yako,
Adelaïde

*

Nyabiondo, tarehe 3 Machi 2022

Yaya Adelaïde,

Salamu nimezipokea. Kabera iko muzima. Watoto iko wazima. Maharagi yameanza kutoa maua, mihogo ya upande wa mutoni imeoza kidogo kwa maji. Nafurahi Fifi amepona. Sasa nimekwisha kusalimia.

Makayabo nimemupatia paka, kipande chote, mbele ya Guy, na nilimuomba Guy aangalie mpaka mwisho ili aje akuambie. Watoto wangu nao waliangalia. Munukio wa samaki ulijaa nyumba nzima na hakuna aliyegusa. Umefurahi?

Masere anakula. Anakula asubuhi sambaza, zile samaki ndogo, na bugali, anakula jioni, na katikati anakamata panya mu stoki na kuacha kichwa tu mulangoni ili nione kazi yake. Amekonda, ndiyo. Mimi nina macho. Nilimuona akikonda tangu Noeli. Sikujua ni nini. Kitu kingine ninachoona ni maji. Zamani haukuweza kumuona paka huyu akikunywa. Sasa nikifunua ndoo ninamukuta pembeni anangoja. Anakunywa, anaenda mu majivu nyuma ya jiko, analowesha pale kama mutoto amemwaga kikombe, kisha anarudi kukunywa.

Ungeuliza, ningekuambia haya yote. Lakini wewe hauulizi. Wewe unahukumu.

Na neno lile "njaa" usiniandikie tena. Umekwisha kulisema mara moja mu nyumba hii, ku kilio cha mama, watu wamejaa mpaka inje. Unajua ulichosema. Njo maana sitikii simu yako.

Verdiane

*

Walikale, tarehe 24 Machi 2022

Mudogo wangu,

Nakusalimia tena, na watoto, na Kabera. Hapa tuko salama. Barua yako ilichelewa kwa sababu Guy alikaa Kalembe siku nyingi, kulikuwa na risasi upande ule, akalala kwa muchungaji mumoja mpaka njia ikafunguka.

Umeniandikia kama muntu anayepiga nguo ku jiwe. Mimi niliuliza tu kuhusu paka. Basi tuache.

Habari ya maji ilinikosesha usingizi. Nilienda kumuona Docteur Marcellin, docteur wa nyama wa hapa, anayetunza mbuzi na ngombe. Nilifikiri atanicheka. Hakunicheka. Aliniuliza, "Iko na miaka ngapi?" Nikamuambia kumi na mitatu. "Anakunywa kuliko zamani?" Ndiyo. "Anakojoa sana?" Ndiyo. "Anakula?" Nikamuambia, "Dada yangu anasema anakula."

Akatikisa kichwa. Anasema kwa paka muzee mambo hayo yakikutana, kitu cha kwanza cha kufikiria ni mafigo. Figo ikichoka haiwezi kukaza mukojo, maji yanapita tu, na paka anakunywa ili kurudisha yaliyopotea. Inaanza polepole, miezi na miaka, na paka anajua kuficha. Wengi wanangoja mpaka aanze kutapika na kukataa kula, na wakati ule figo zimekwisha kufa sehemu kubwa. Anasema unaweza kugundua mapema kama ukiangalia maji na uzito.

Sasa sikiliza na ufanye hivi. Ondoa yale majivu. Weka beseni safi yenye changarawe zilizooshwa, ili mukojo usinywewe, na asubuhi uumimine mu chupa safi. Docteur Solange wa Burungu atapanda huko Nyabiondo kuchanja ngombe baada ya Pasaka. Umupeleke paka na chupa ile. Usimupe dawa ya watu hata kidonge kimoja, hata kama jirani anasema ilisaidia. Na makayabo uache, ile chumvi haimufai.

Fanya haraka. Nimeambiwa mapema njo kila kitu.

Adelaïde

*

Nyabiondo, tarehe 8 Mei 2022

Yaya,

Salamu kutoka kwetu wote. Mutoto wa pili ameota meno mapya mbele, anapiga filimbi akiongea. Kabera amepanda viazi kule juu. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na kila nilipoanza karatasi nilitoboa na biki.

Nilifanya yote. Ile ya changarawe Masere alinikatalia mara mbili, akaenda kukojoa ku gunia la Kabera. Mara ya tatu alikubali. Siku ya chanjo nilimuweka mu kitunga, nikafunika na kitenge, nikaenda pale chini ya soko ngombe zilipokusanywa. Njiani paka alilia kama mutoto, kwa hiyo kila muntu alijua ninabeba nini.

Pale kulikuwa na Mama Uwamwezi, jirani, na wanawake wengine. Waliponiona na kitunga changu mu mustari wa ngombe walicheka. Mimi pia ningecheka. Lakini Mama Uwamwezi akasema, na hakupunguza sauti, "Paka anapelekwa kwa docteur. Mama muzazi wa huyu alikauka mu nyumba, hakuna aliyemupeleka."

Wanaume walitazama ngombe zao. Na maneno yale si yake. Ni yako. Ulimuachia yeye, na kila muntu, wakae wakiyatafuna.

Docteur Solange aliniita. Ni muntu mufupi, mikono yake ina nguvu kama ya fundi. Alimupapasa Masere tumbo na vidole polepole, akasema figo zimekuwa ndogo na hazina ulaini wa kawaida. Akapima uzito. Kisha akachukua kifaa kimoja kama darubini ndogo, akaweka tone la mukojo, akaangalia mwangani. Akanipa na mimi niangalie mustari ulio ndani yake. Akasema, "Mukojo huu iko karibu na maji matupu. Mafigo yameanza kuchoka."

Akaniuliza, "Anakula?"

Nikasema, "Anakula vizuri."

"Njo hivyo inavyoanza. Anakula lakini anakonda. Si kosa la kula."

Nikamuambia, "Docteur, rudia."

Akaniangalia. "Nirudie nini?"

"Hayo ya mwisho. Kwa sauti, nakuomba."

Sijui kama alielewa. Lakini alisimama wima na akasema ili hata muntu wa mwisho wa mustari asikie: "Nyama anaweza kukula kila siku na akakonda kwa sababu ya ugonjwa. Huyu mama hakumunyima kitu. Amemuleta mapema, na wengi wenu ngombe munazileta zikiwa zimelala chini."

Mama Uwamwezi alijifanya anafunga kamba.

Docteur anasema haiponi, lakini inaweza kwenda polepole. Nimuwekee maji mahali pengi. Sambaza nizichemshe bila chumvi, nimupatie na mchuzi wake. Atapima tena akirudi, kwa sababu mara moja haitoshi kuhakikisha.

Sasa nimemaliza ya paka. Nakuja kwa mama.

Mama alikuwa anakula. Nilimupikia sombe ya majani ya mihogo, nilimupikia buyi ya kukunywa, nilimuchagulia maharagi laini. Alikuwa anamaliza sahani. Na alikuwa anakunywa, Yaya, bidon ya maji ilikuwa inaisha kabla ya jioni. Na usiku alitoka inje, akarudi, akatoka, mimi nikimushika mukono. Na alikonda. Sijui kama ilikuwa figo, mimi si munganga. Kituo cha afya walimupatia dawa ya minyoo na vitamini mara mbili, wakasema ni uzee. Lakini najua alikuwa anakula.

Wewe ulisimama ku kilio, ukasema, "Mama yangu alikufa njaa mu mikono ya Verdiane." Nilikuwa nimeshika sahani za wageni. Tangu siku ile akina mama wa paroisse, wale wa kanisani, wamenitoa mu kikundi cha wanaopikia wagonjwa. Ku ubatizo wa mutoto wangu wa mwisho nilipika ngombe nusu, na sahani zilirudi zimejaa. Wanasalimia vizuri, hawakuli kwangu.

Uliamini docteur kwa habari ya paka. Nataka ujibu hii: na mama?

Ulisema mbele ya watu. Urudi useme mbele ya watu.

Verdiane

*

Walikale, tarehe 30 Mei 2022

Mudogo wangu mupendwa,

Nakusalimia sana, na Kabera, na watoto, yule wa filimbi umubusu. Tunamushukuru Mungu. Fifi alipata nafasi ya tano mu masomo, Séraphin amemununulia viatu vyeusi, anavilalia. Dada ya Séraphin, Byukusenge, alijifungua kijana, wote wazima. Hapa mvua imepungua na samaki wa mutoni wamekuwa wengi.

Nimefurahi sana kwa habari ya Masere. Nimefurahi mumemuwahi. Nakutumia sambaza kavu zisizo na chumvi, na beseni mbili ndogo za maji, moja uiweke chumbani alikokuwa analala na mama. Uniandikie uzito wake kila mara.

Mambo ya mama tumuachie Mungu. Yeye njo anajua.

Dada yako anayekupenda,
Adelaïde

*

Nyabiondo, tarehe 19 Juni 2022

Adelaïde,

Mungu umuache pale alipo. Si yeye aliyesimama ku kilio.

Sambaza nimepokea kwa sababu ni za paka. Beseni moja nimeweka. Ya pili nimemurudishia Guy, chumba cha mama ninakijua mimi, haunionyeshi mahali pa kuweka kitu.

Nakukumbusha, labda umesahau. Noeli ile ya mwisho ya mama ulikuja. Njia ilikuwa mbaya mwaka ule, najua, na ulikuja siku tatu tu. Ulimukuta mama ku meza. Ulimuona akikula. Ukamushika mukono, ukaona mifupa, ukaniangalia mimi. Haukuuliza anakunywa kiasi gani. Mimi pia sikujua kwamba ni swali la kuuliza. Hakuna aliyeliuliza, hata ku kituo cha afya. Kwa paka wewe ulitembea Walikale nzima kutafuta docteur. Kwa mama ulitafuta wa kumutupia lawama, na nilikuwa karibu.

Paka iko muzima. Habari nyingine sina.

Verdiane

*

Walikale, tarehe 14 Agosti 2022

Verdiane,

Salamu kwa wote wa nyumbani. Sisi tuko.

Nilikaa na barua yako muda murefu. Séraphin aliisoma. Aliikunja akaniwekea juu ya sahani yangu.

Nilirudi kwa Docteur Marcellin. Nilimuuliza kama ugonjwa wa paka unaweza kuwa kwa muntu. Akasema, "Mama, mimi natunza mbuzi. Nenda hopitali." Nikaenda. Docteur wa watu alinisikiliza mpaka mwisho: maji, kutoka usiku, kukonda, sahani iliyoisha. Akasema muntu aliyekufa hawezi kumupima. Inaweza kuwa figo, inaweza kuwa sukari, inaweza kuwa vyote. Nikamuuliza, "Inaweza kuwa njaa?" Akasema, "Muntu anayemaliza sahani kila siku? Nani alikuambia njaa?"

Akanikasirikia. Alisema wazee wetu wanakauka mu nyumba na wote tunasema uzee, uzee, na kipimo cha mukojo ni kikaratasi kimoja tu. Akasema watoto wa mama kama yule wote wapimwe, sukari, mukojo na damu inavyosukuma. Mimi wamenipima, niko sawa. Wewe nawe uende. Hilo si ombi, mimi ni mukubwa wako.

Misa ya kumukumbuka mama ni mwezi ujao. Nitakuja. Umuambie baba mudogo Sebarenzi.

Adelaïde

*

Nyabiondo, tarehe 2 Oktoba 2022

Yaya Adelaïde,

Natumaini ulifika vizuri na kwamba Guy hakukuangusha mu matope kama alivyonitishia. Watoto wanauliza Fifi atakuja lini. Uliacha kitambaa chako cha kichwa, nimekifua.

Mambo mengine sikuweza kuyasema ukiwa hapa, kwa sababu nyumba ilikuwa imejaa na mimi nikianza kulia sisemi tena vizuri. Kwa hiyo naandika.

Padri alitoa nafasi ya matangazo na wewe ukasimama. Na ukaanza na paka! Wakristo wakacheka. Nikajisemea, anakimbia, atazungumza habari ya sambaza mpaka baraka ya mwisho. Ndipo baba mudogo Sebarenzi akasema kule mbele, "Adelaïde, kaa. Hatukukuja kusikia habari za paka." Na wewe ukamugeukia. Sitasahau. Ulimuambia, "Baba mudogo, siku ile nilisema uongo kwa sauti kubwa na haukuniambia nikae. Leo utangoja nimalize."

Ukasema mama alikuwa anakula. Ukasema nilimulisha mpaka siku ya mwisho, na kwamba aligonjwa ugonjwa ambao hakuna aliyeupima, na wewe ukamutukana aliyemushika mukono. Ukasema jina langu lote, Verdiane Niyonsenga, kama ku ubatizo. Kisha ukakaa, ukatafuta leso ambayo hauna, ukafuta pua na mukono kama tulipokuwa watoto.

Nilidhani roho yangu itakuwa nyepesi. Nikuambie kweli, nilikasirika zaidi. Ilikuwa maneno machache namna ile! Wimbo wa komunyo ni murefu kuliko maneno yako. Na kwa kukosa maneno hayo nimepika miaka miwili kwa watu wasiokula. Hasira hiyo haijaisha, na sitaki unihimize iishe.

Wiki iliyofuata Mama Uwamariya, mukubwa wa akina mama wa paroisse, alikuja. Alisimama mulangoni, akasema kikundi kimeamua nirudi kupikia wagonjwa. Nilimuambia, "Kimeamua? Basi na mimi nimeamua. Sitagusa sufuria ya wagonjwa mpaka ninyi wenyewe muje mukule kwangu." Akasema atawaambia. Nilijua hawatakuja.

Walikuja siku ya Mungu, Jumapili iliyopita. Wote, hata Mama Uwamwezi, aliyekaa karibu na mulango. Nilipika bugali, sombe, na kuku yule mwekundu. Sikuongea sana. Nilisimama nikawaangalia, mumoja mumoja, mpaka sahani zikaisha. Mama Uwamwezi aliomba kuongezwa. Sikujua kama nimupatie ao nimumwagie. Nikamupatia. Akiwa anakula akaniuliza polepole, mama mukwe wake anakunywa maji sana siku hizi, je, ni kitu? Nikamuambia amupeleke kituo cha afya kesho yake, na kama wakisema uzee asiondoke, adai kile kikaratasi. Alienda. Bado hatujui jibu.

Mimi pia nilienda. Mukojo wangu hauna kitu, sukari hakuna. Damu inasukuma kwa nguvu kidogo, muuguzi anataka nirudi mwisho wa mwezi na nipunguze chumvi. Kabera amekwisha kunung'unika kwamba mboga hazina ladha.

Docteur Solange alipita tena. Mukojo wa Masere bado iko mwepesi, kwa hiyo ni mafigo kweli, si bahati mbaya ya siku moja. Lakini hajapunguza uzito tena. Jana aliniletea panya mukubwa, muzima, akamuachilia mu jikoni, nafikiri meno yamechoka. Watoto walipanda juu ya meza.

Mukuje Noeli, wewe na Séraphin na Fifi. Mukae, si kupita. Nitapika na mutakula. Na ukinikuta nimekonda, Yaya, uniulize mimi kwanza.

Mudogo wako,
Verdiane